Askari Wasiokaa Chini

Lindo la Kivukoni, chini ya Kaisho
3 Juni 1940

Kwako Melkiory, fundi wa vifungo, Bukoba mjini,

Mimi ndiye mwanamume wa kwanza tangu Mungu aumbe dunia kuzaa watoto thelathini na wanne kwa asubuhi moja, wote wa kiume, wote warefu, wote askari, na kiuno hakikuniuma hata kidogo. Adamu mwenyewe alitoa ubavu mmoja tu, tena akiwa usingizini. Vua kofia unaposoma barua hii.

Sasa kaa nikuelimishe, maana wewe kazi yako ni kushona vifungo vya kaki tu, hujui kaki yenyewe inatetemekaje ikiwa na mtu ndani. Habari imefika kwamba Mbelgiji kashindwa na Mdachi, Mjerumani yule yule wa zamani, huko kwao Ulaya. Haya, na Ruanda ng'ambo ya mto Kagera ni ya nani? Ya Mbelgiji. Basi watu wa huku wakapiga hesabu yao: mwenye nyumba akipigwa, aliyempiga ndiye atakayelala kitandani mwake. Maana yake Mdachi yuko ng'ambo, au atakuwa ng'ambo kesho. Hakuna aliyemwona. Angeonekana ingekuwa nafuu.

Ndipo likaundwa lindo hili. Tuko sita. Kopla Kashaija, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, zamani na bado anatembea kama mtu anayehesabiwa hatua, mzee Rwegoshora mwenye mitumbwi, vijana watatu ambao silaha yao kubwa ni kijiko, na mimi. Bunduki mbili. Risasi kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili nikidhani nimeruka chache.

Siku ya kwanza Kopla alituchorea chini kwa kijiti. "Huu mto ni ukuta," akasema, "na kivuko ni mlango. Sisi si wa kushinda vita. Sisi ni wa kuona mapema, kupeleka habari, na kumfanya adui asite siku mbili mpaka wenye nguvu wafike kutoka Bukoba."

Nikamwuliza, "Afande, atasita vipi akituona sita, na mmoja wetu ana jino bovu?"

Akasema, "Kaa kimya, darasa la tatu."

Lakini swali lilimkaa kooni, nililiona. Usiku ule, nami nikiwaza (usicheke, huwa nawaza), nikakumbuka migomba. Mgomba ukishakatwa mkungu hauzai tena, lazima uangushwe. Shina ni nene kama mtu na refu kama mtu, na bichi linasimama lenyewe ukilichimbia. Kesho yake nikazunguka mashamba ya jirani na panga. Nikawasimamisha thelathini na wanne juu ya kilima cha kivuko, kila mmoja na kofia ya gome la mti, ile nyekundu-nyekundu, na fimbo begani. Kopla akavushwa ng'ambo kwa mtumbwi akawatazame kutoka upande wa adui. Aliporudi alisema hivi: "Mimi niliyewaona wakikatwa, mkono wangu umetaka kupiga saluti."

Basi sita na thelathini na wanne ni arobaini! Jeshi! Tena tunawasha mioto minane ya kupikia badala ya mmoja, maana Kopla anasema adui hahesabu vichwa, anahesabu moshi. Na asubuhi na jioni nawahamisha mimi mwenyewe, huyu huku na yule kule, kwa sababu askari asiyehama ni mti. Juzi ng'ombe mmoja alimla Sajini wangu kuanzia kiunoni. Nimempandisha cheo mwingine.

Ukitaka cheo na wewe, niandikie.

Baba wa wengi,
Gaudiosus


Kihanga
7 Juni 1940

Gaudiosus mdogo wangu,

Mama hajambo isipokuwa mgongo. Watoto hawajambo. Kahawa imeiva, imejaa mikekani, na mikono ya kuianua ni yangu miwili tu.

Nakuandikia kwa ajili ya shemeji yako. Unajua Kaijage alivuka baada ya Pasaka kwenda kumzika mjomba wake, akabaki ng'ambo kwa mambo ya matanga. Alipovuka hapakuwa na lindo wala askari. Sasa ni wakati wake wa kurudi. Na huku Kihanga kila anayetoka kivukoni anasema jambo moja: wako askari arobaini juu ya kilima. Wanawake wameanza kuficha vijana wao migombani.

Wewe utacheka. Wewe ulikuwa bado tumboni. Mimi nilikuwa na miaka minne vita vile vya kwanza, askari walipopita hapa wakitafuta wapagazi. Nilimshika baba mkono, na askari alinibandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi. Baba akatwishwa sanduku la risasi. Wakasema anafika Tabora tu na kurudi. Mpaka leo mama hajui pa kupeleka maua.

Kaijage anaogopa vitu viwili duniani: askari na maji. Kuogelea hajui, unamfahamu, huyo ni mtu wa mlimani. Kwa hiyo nijibu bila porojo zako. Hao askari wamekuja kulinda mto, au wamekuja kuchukua watu?

Anatolia anauliza baba yake kila jua likichwea. Nimechoka kumjibu.

Dada yako,
Kemilembe


Lindo la Kivukoni
10 Juni 1940

Dada Kemilembe, shikamoo, na mama mpe shikamoo yake na mgongo wake pia,

Barua yako imepokewa na jeshi zima. Ndiyo, dada, ni kweli, tuko arobaini kamili. Na nani unadhani anawapanga asubuhi nani asimame wapi? Ni huyu huyu uliyekuwa ukimfukuza na ufagio. Nikisema "wewe, hama pale," anahama. Hakuna anayebisha. Hakuna hata anayekohoa. Ningekuwa na wewe hapa ungeona aibu kwa kila kofi ulilonipiga.

Ni watu wakali sana. Mimi mwenyewe jioni nikipita katikati yao huwa natembea kwa adabu.

Kuhusu hilo swali lako la kulinda au kuchukua watu, hiyo sasa ni siri ya ulinzi, na siri ya ulinzi hairukii Kihanga. Kopla ametufundisha: adui akijua idadi yako, chakula chako na nia yako, ameshakushinda hata kabla hajafunga viatu. Akivijua viwili, unaweza kupona. Akikijua kimoja, unalala vizuri. Kwa hiyo nikikwambia wewe, utamwambia mama, mama atamwambia jirani, na jirani anauza pombe.

Shemeji asiwe na hofu. Akifika ukingoni huko ng'ambo apunge mkono, mimi nitamvusha kwa mtumbwi wa kijeshi, aketi katikati kama askofu.

Ndimi mkubwa wa askari, ingawa wewe utasema ni mdogo wako,
Gaudiosus


Lindo la Kivukoni
12 Juni 1940

Melkiory,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Si ya dukani.

Jana alfajiri ukungu ulishuka mtoni mpaka maji hayaonekani. Ukapasuka kidogo, upande wa pili nikaona vichwa. Vingi. Virefu kuliko vichwa vya watu, vya duara, vimepangwa mstari mmoja. Wakasimama wote kwa pamoja kama waliosikia amri. Nikasema ndiyo hawa, na hizo ni kofia zao za chuma.

Sitakudanganya, maana uliniona nikimkimbia bata wa Padri. Nilimkumbatia mmoja wa migomba yangu. Nilimkumbatia kama mama. Utomvu ukanitiririka shingoni nikadhani ni damu yangu. Mmoja wa wale vijana watatu alikuwa akisali Kilatini asichokijua, anarudia neno moja tu. Kopla alilala kifudifudi na bunduki, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliona nyayo zake zinacheza. Mtu aliyepigana vita! Nilipoona nyayo zile ndipo nilipoogopa kweli.

Ukungu ukaondoka. Walikuwa wanawake, kama ishirini, wenye vyungu vichwani, wanakuja sokoni kwetu kama kila wiki.

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka. Lakini Melkiory, wale wanawake walikuwa wanatutazama sisi. Hawakucheka. Mmoja alitua chungu chake akajifunika uso. Wengine wakageuka wakarudi walikotoka, na siku zote walikuwa wakivuka hapa wakimtania mzee Rwegoshora. Jeshi langu limewafukuza. Kopla akasema hiyo ndiyo dalili kwamba mbinu inafanya kazi.

Kisha akatupanga mstari. Akasema siri ya migomba ni ukuta wetu wote, nyuma yake hatuna kitu. Atakayeitoa, hata kwa mkewe, hata kwa Padri kwenye kitubio, atakula viboko ishirini na vinne na kupelekwa jela. Alikuwa akinitazama mimi. Labda ni bahati tu kwamba nilikuwa mbele.

Ichome ile barua yangu ya kwanza. Ichome leo, na hii pia. Na kama ulimsomea mtu, mwambie nilikuwa mlevi.

G.


Kihanga
14 Juni 1940

Gaudiosus,

Sikuombi tena masihara.

Jana amefika hapa Placida, yule mama muuza vyungu wa ng'ambo. Amepita njia ya mbali kwa sababu wenzake wanaogopa kivuko. Ameleta neno la Kaijage. Nakuandikia kama alivyolitamka:

"Nimefika karibu na kivuko mara mbili. Nimewaona askari. Kemilembe, watu wale hawakai chini. Wamesimama tangu asubuhi mpaka jua linazama, hawali, hawafukuzi nzi, hawaongei. Sijawahi kuona askari wa namna hiyo. Watu wa huku wanasema wamelishwa kiapo, wanasubiri wapagazi wa kutosha waanze safari. Mimi sitapita pale na kuwaachia watoto wangu jina tu. Kama nimekosea, muulize mdogo wako aliye nao. Aniambie neno moja: nipite au nisipite. Akinyamaza nitajua ni hapana, maana askari hawezi kuandika hapana. Basi hapo nitatafuta njia kwenye mafunjo, chini kule mto unakopanuka."

Gaudiosus, kwenye mafunjo! Unajua pale, majani yanaelea juu ya maji, mtu anadhani amekanyaga nchi kavu. Hata ndama hapiti.

Placida anarudi ng'ambo Jumatano, na Kaijage atamngojea sokoni kwao Alhamisi, tarehe ishirini. Nimempa kijana wa duka la baiskeli barua hii, atakufikia Jumapili na atalala kwenu. Mpe jibu arudi nalo Jumatatu. Sitaki kujua idadi yao. Sitaki kujua wanakula nini. Andika "apite" au "asipite" na uweke jina lako. Hiyo tu.

Kemilembe


Lindo la Kivukoni
17 Juni 1940

Melkiory ndugu yangu,

Barua ya dada ilinifikia jana, Jumapili. Iko mfukoni. Nikipumua inalia kama jani kavu, nadhani Kopla anaisikia.

Shemeji yangu anaogopa migomba. Naandika hivyo halafu natazama niliyoandika, nataka kucheka, mdomo unakataa. Anaogopa kwa sababu hawakai chini! Wangekaaje, Melkiory?

Neno analotaka dada ni moja. "Apite." Herufi tano, hata mimi wa darasa la tatu naziweza. Lakini nifikirie. Nikiandika apite, dada atauliza una hakika gani na hao watu arobaini, na atamwambia Placida, na Placida atasema ng'ambo kwamba askari wale si kitu, wanaume wanapita. Wiki haiishi, kila mtu ng'ambo anajua tuko sita. Na kama Mdachi yupo kweli? Anakuja asubuhi moja tu ya ukungu, na safari hii si vyungu. Tuna risasi kumi na moja. Dada hajui usiku ninavyolala na viatu.

Halafu kuna viboko. Halafu kuna hili: Ijumaa anakuja mgeni mkubwa kutoka boma kukagua lindo. Kopla amesema nitamwonyesha mimi mwenyewe jinsi wanavyobadilishana zamu. Amesema kuna nafasi ya ulansi-kopla. Mimi, Melkiory! Utepe mmoja begani!

Kijana wa baiskeli ameondoka leo asubuhi. Aliniuliza, "Jibu liko wapi?" Nikamwambia jibu litakuja kwa njia ya kijeshi. Hakuna njia ya kijeshi. Ametazama nyuma mara tatu akipanda kilima.

Bado kuna siku. Kaijage ni mwoga, mwoga hapiti kwenye mafunjo, atarudi kwa ndugu zake angoje. Sivyo? Niambie kwamba ndivyo.

Gaudiosus


Bukoba
20 Juni 1940

Gaudiosus,

Mimi kazi yangu vifungo, kama ulivyosema, kwa hiyo nitakwambia habari ya vifungo. Kifungo kinafungwa ili baridi isiingie. Mtu akiwa amefungiwa ndani anakosa pumzi, unakifungua. Hata mtoto anajua.

Siri ya migomba uliniambia mimi, niliyeko mbali, nisiye na haja nayo, kwa sababu ulitaka nicheke na nikusifu. Nilicheka, na nilikusifu dukani kote, Mungu anisamehe, hata mteja mmoja wa Muleba alinunua kanzu kwa furaha. Na mtu mmoja tu katika dunia hii ambaye roho ya mumewe imening'inia kwenye siri hiyo, yeye ndiye unayemficha. Wewe unalinda nini hasa?

Mwoga anapita kwenye mafunjo, ndugu yangu. Ni jasiri ndiye anayepita kwenye kivuko.

Mwandikie leo. Kijana wa baiskeli kaondoka, basi tembea kwa miguu. Viboko ishirini na vinne vinapona. Nimeona mgongo wako, una nafasi.

Zile barua ulizosema nizichome, nimezichoma zote mbili.

Melkiory


Lindo la Kivukoni
Ijumaa, 21 Juni 1940, saa tisa mchana

Dada,

Barua yako ya tarehe kumi na nne imenifikia sasa hivi, imechelewa njiani, sijui kijana wako aliiacha wapi. Nakujibu hapo hapo nikiwa nimesimama.

APITE. Apite kivukoni. Mwambie apite hapa hapa mbele ya askari, asiogope, hawatamgusa, naapa kwa kaburi la baba ambalo hatulijui. Asiende kwenye mafunjo. Kama Placida ameshaondoka mtafute mwingine, mtu yeyote, mpe mkungu, mpe kuku, mpe kanzu yangu ya Krismasi iliyoko sandukuni.

Mimi nimemwomba mzee Rwegoshora mtumbwi. Tunashuka na mto sasa kuelekea kule unakopanuka, kuita ita. Huenda nikamwona. Nitamwona tu. Sauti yangu unaijua, inafika mbali.

Apite, dada.

Gaudiosus


Kihanga
27 Juni 1940

Mdogo wangu Gaudiosus,

Umeondoka kabla ya chakula cha matanga, hata maji hukunywa. Watu waliuliza yuko wapi aliyemleta marehemu begani tangu Kaisho. Nikasema ana zamu.

Nimekaa na barua yako ya Ijumaa mapajani. Ilifika Jumatatu, siku moja baada yako wewe kufika naye. Nimeisoma nikijua tayari, na bado nilipofika pale uliposema apite, moyo uliruka kama vile kuna muda.

Usijitese. Nimemwambia mama na nawaambia wote wanaonong'ona kwamba barua ilichelewa, na wewe ulijibu saa ile ile ulipoipata, na ukaingia mtoni kwa sauti yako na mikono yako siku mbili mpaka mkamtoa. Kijana wa baiskeli nilimwita nikamsema sana. Anaapa kwamba alikupa mkononi Jumapili. Nimemwambia asiongeze dhambi ya uongo juu ya uzembe. Alilia, akaondoka.

Placida alikuja kuzika. Amenieleza ya mwisho. Alimwambia Kaijage siku ya Alhamisi kwamba hakuna neno lililokuja. Kaijage akasema, "Basi ndilo jibu." Lakini asubuhi ya Ijumaa akasema hapana, ngoja nikatazame kwa macho yangu mara moja tu, pengine leo wamekaa chini kama watu. Akaenda kivukoni. Akarudi kwa Placida. Akasema, "Wanatembea. Leo nimewaona wanatembea." Akachukua mzigo wake akashuka kuelekea kwenye mafunjo, na ndani ya mzigo mlikuwa na kitambaa cha Anatolia.

Sikuulizi kuhusu askari wako. Ulisema ni siri, basi iwe siri. Ninachojua ni kwamba wewe hukuniangusha. Njia ndiyo iliyotuangusha. Nimebaki na mwanamume mmoja wa kumtegemea, naye ni wewe, na nimeona niandike hivyo ili uwe nayo kwenye karatasi.

Njoo kuanua kahawa ukipata ruhusa.

Dada yako,
Kemilembe


Kaisho
1 Julai 1940

Dada Kemilembe, shikamoo,

Siko tena lindoni. Nitakueleza kwa nini baadaye, au hutataka kujua.

Mwombe radhi kijana wa baiskeli. Alinipa mkononi Jumapili, baada ya misa, kama alivyoapa. Nilikuwa na barua yako siku tano kamili. Ile niliyokuandikia Ijumaa kwamba imechelewa, niliandika mikono ikiwa mibichi ya utomvu, na uongo ule ndio neno la kwanza lililonijia.

Na askari hawakuwapo. Tulikuwa sita. Wale waliosimama bila kukaa chini ni migomba, dada, niliikata mimi, nikaivika kofia za magome. Thelathini na nne. Hawakufukuza nzi kwa sababu hawana mikono. Nimekwenda kwa Kopla jana nikamwambia nitakwandikia hayo yote, anipige sasa, atangulie. Hakunipiga. Alinitazama, akavua kofia yake, akasema, "Andika." Kisha akaniambia nirudi nyumbani, kwamba hawezi kukaa na mtu anayemfanya ajiulize. Mzee Rwegoshora ndiye aliyenipa pa kulala hapa Kaisho.

Nilijiambia ni siri ya ulinzi. Hiyo ni kweli nusu. Nilijiambia ni viboko. Hiyo nayo ni kweli, niliviogopa. Nilimwogopa Mdachi ambaye mpaka leo hajaja, na mzee Rwegoshora anasema hakuwahi kuwa njiani. Usiku niliogopa kila kitu, hata chura. Ungeweza kunisamehe woga, wewe una moyo huo, na barua yako imeshanisamehe kabla sijaomba. Ndiyo maana siwezi kuiacha hivyo.

Sikiliza ya Ijumaa.

Mgeni wa boma alifika saa nne. Akasimama nyuma yetu kwenye kivuli na Kopla. Mimi na wale vijana tukaingia katikati ya migomba, tumeinama, tukaanza kuihamisha, mmoja mmoja, huyu kushoto, yule kulia, kama zamu inabadilishwa. Niliifanya vizuri. Sijawahi kufanya kitu vizuri namna ile. Nikasikia mgeni anacheka kwa kupendezwa, Kopla anamwambia, "Ni akili ya kijana yule." Nikamsikia anauliza jina langu.

Wakati huo huo mtu akatokea ng'ambo, kwenye ngazi ya kupandia mtumbwi. Peke yake, mzigo kichwani. Akasimama akitutazama. Kopla akamnong'oneza mgeni, "Tazama sasa." Mtu yule akapiga hatua moja kuja majini, akasita. Mimi nilikuwa nimeshika mgomba kwa mikono miwili. Nikauinua tena, nikauhamisha, juu kabisa ya kilima, ili auone vizuri. Akarudi nyuma. Akageuka akaondoka upesi, na mgeni akapiga makofi.

Watu wote wanadhani sikumwona. Kopla alidhani ni mtu tu wa ng'ambo. Wewe umeandika kwamba sikukuangusha.

Dada, mto pale si mpana. Anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, tangu alipoanguka kwenye mti wa kahawa mwaka mliofunga ndoa. Nilimjua tangu anateremka, kabla hajafika ngazini. Nilifungua mdomo nimwite kwa jina. Kisha mgeni akasema tena nyuma yangu, "Kijana hodari," nami nikaufunga, kwa sababu nilitaka alimalize lile neno.

Gaudiosus